Uso Uliofifishwa Haujafichwa

Kompyuta haioni uso. Inaona namba: kila pikseli ina kiwango chake cha mwanga, kuanzia 0, yaani giza totoro, hadi 255, weupe wa mwisho. Shavu la mama aliyeketi kivulini huko Alunguli, mjini Kindu, laweza kuwa 60. Ukuta ulio nyuma yake, uliopigwa na jua la saa tisa, 180. Pale 60 inapopakana na 180 ndipo macho yetu yanapousoma ukingo wa uso. Kazi yote ya kufifisha na kunoa video hufanyika kwenye mpaka huo, na katika umbo lake la msingi hufanywa na jedwali dogo la namba tisa, tatu kwa tatu, liitwalo matriksi.

Jedwali huwekwa juu ya pikseli moja na majirani zake wanane. Kila pikseli huzidishwa kwa namba iliyoiangukia, majibu tisa hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo thamani mpya ya pikseli ya katikati. Kisha jedwali husogea hatua moja na kuanza tena, hadi fremu nzima iishe. Namba zote tisa zikiwa 1/9, tunachopata ni wastani. Pikseli ya shavu iliyo mpakani hupanda kutoka 60 hadi 100, na jirani yake wa ukutani hushuka kutoka 180 hadi 140. Tofauti iliyokuwa 120 imebaki 40, na jicho linasema: ukungu. Sasa weka 5 katikati, -1 juu, chini, kushoto na kulia, na 0 kwenye pembe nne. Shavu linatoa -60, na kwa kuwa hakuna giza lililo chini ya 0, hukatwa hapohapo. Ukuta unatoa 300, unakatwa 255. Tofauti imekuwa 255 kamili, na jicho linasema: makali.

Majedwali yote mawili yana jumla ya 1, ndiyo maana sehemu tambarare ya picha, kama anga au shati jeupe, haibadiliki mwanga wake. Kwa hiyo kufifisha na kunoa ni hesabu ileile moja. Kinachobadilika ni namba zilizomo. Lakini Kindu, kama miji mingi ya mashariki mwa Kongo ambako simu imekuwa kamera ya kila mtu, hesabu hiyo imebebeshwa imani mbili ambazo haiwezi kuzibeba. Ya kwanza ni kwamba uso ukitiwa ukungu umefichwa. Ya pili ni kwamba klipu ikinolewa itasema zaidi ya ilivyosema mwanzo. Imani ya kwanza inahatarisha watu, na ya pili inaharibu ushahidi.

Mtu wa montaji mjini Kindu hufanya kila kazi. Jumamosi ni harusi, katikati ya wiki ni tangazo la kanisa au wimbo wa msanii chipukizi, na siku nyingine huja mtetezi wa haki za binadamu na klipu ya ushuhuda kutoka Kabambare au Punia, akiomba sura ya mhusika isionekane. Mashine ni ileile, programu ni ileile, na mkono ni uleule uliozoea kulainisha ngozi ya bibi harusi. Ukungu wa bibi harusi ni urembo. Ukikosewa, familia italalamika. Ukungu wa shahidi ukikosewa, kuna mtu atalala nje ya nyumba yake.

Tuanze na ukubwa wa jedwali, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Video ya kawaida ya simu ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600 kwa fremu. Kwa fremu 25 kwa sekunde ni pikseli 51,840,000, na jedwali la namba tisa likipita katika rangi zote tatu, nyekundu, kijani na buluu, mashine huzidisha karibu mara bilioni 1.4 kwa kila sekunde ya video. Kompyuta ya leo haishtuki. Tatizo ni kwamba uso uliopigwa kwa karibu una upana wa pikseli 200 au zaidi, na jedwali la tatu kwa tatu huchanganya majirani wa pikseli moja tu kila upande. Uso huo hautaona tofauti. Ukitaka ukungu mzito kwa kulirudia jedwali lilelile, hesabu inakuadhibu: ukungu hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya marudio, si kwa idadi yenyewe. Ili mtawanyiko wa mwanga ufike pikseli 20, jedwali la wastani lazima lipite takriban mara 600.

Ndiyo sababu programu nzuri hutumia jedwali kubwa lenye namba zinazofuata mkunjo wa Gauss, nzito katikati na nyepesi pembeni, tena kwa ujanja mmoja mzuri. Jedwali la 41 kwa 41 lina namba 1,681, lakini mkunjo wa Gauss hukubali kugawanywa: unapita kwanza kwa mlalo kwa namba 41, kisha kwa wima kwa namba 41, jumla 82, na jibu ni lilelile. Programu huria ya FFmpeg, ambayo imejificha ndani ya programu nyingi za montaji, inazo aina zote: ya kuandika jedwali lako mwenyewe, ya wastani, ya Gauss na ya kunoa. Mtumiaji huona kitufe kimoja tu cha kuvuta kushoto na kulia. Studio inayoendeshwa kwa jenereta au betri za sola ina kila sababu ya kukiacha kitufe mahali ambapo kazi inakwisha haraka, na mteja naye husimama nyuma akisema yatosha, yatosha, sura isije ikaharibika kabisa. Sura kuharibika kabisa ndiko alikokuja kutafuta.

Tuseme ukungu umetiwa wa kutosha kwa macho. Je, unaweza kuondolewa? Kwa kiasi, ndiyo, na wanaastronomia walikwisha kutuonyesha. Darubini ya Hubble ilirushwa Aprili 1990 ikakutwa na kioo chenye kasoro. Hadi wanaanga walipoirekebisha Desemba 1993, picha zake ziliokolewa kwa hesabu za kuurudisha ukungu nyuma, ikiwemo njia iliyobuniwa na Richardson mwaka 1972 na Lucy mwaka 1974. Hesabu hizo hufaulu pale ukungu ulipotokana na kanuni inayojulikana na data ni safi. Mwaka 2007 polisi wa Ujerumani waliirudisha sura ya Mkanada mmoja aliyekuwa ameizungusha kama maji yanayozama kwenye tundu la sinki ili asijulikane katika picha za kuwadhalilisha watoto. Interpol ikaitangaza sura hiyo, na Oktoba mwaka huohuo akakamatwa Thailand. Kuzungusha si kutia ukungu, kwa sababu pikseli huhamishwa bila kuchanganywa, ndiyo maana zilirudi zikiwa nzima. Somo kwa mtu wa montaji ni kwamba jicho la binadamu halina uwezo wa kupima kilichopotea.

Haki itendeke kwa hesabu: ukungu mzito wa Gauss, ukishakadiriwa kwa namba kamili za 0 hadi 255 na kubanwa tena na WhatsApp, hufuta alama ndogondogo za uso kiasi kwamba hakuna atakayezirudisha zilivyokuwa. Lakini adui wa shahidi hahitaji kuurudisha uso. Anahitaji kuchagua. Mwaka 2016 watafiti watatu, McPherson, Shokri na Shmatikov, walionyesha kwamba mtandao wa neva uliofunzwa kwa picha za watu wanaojulikana unaweza kuwatambua watu haohao chini ya vigae vya pikseli na hata chini ya ukungu wa YouTube, ambayo ilianza kutoa huduma ya kufifisha nyuso Julai 2012. Mashine ile haikuuliza uso huu ukoje. Iliuliza huyu ni yupi kati ya hawa ninaowajua. Swali hilo ndilo analojiuliza jirani. Katika kijiji kimoja cha Kabambare, au mtaa mmoja wa Mikelenge, orodha ya wanaoweza kuwa ndiye ni fupi, na binadamu hahitaji kompyuta kuipunguza. Kichwa kinavyoinamishwa, kitambaa kilichofungwa, kovu la mkono, mlango wa nyumba ulio nyuma, na zaidi ya yote sauti: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoguswa na matriksi iliyowekwa juu ya duara la uso.

Video ina udhaifu wake mwingine ambao picha tuli haina. Uso unatembea. Kinyago cha ukungu lazima kiufuate fremu baada ya fremu, na programu inayokifuatisha yenyewe hupotea mtu anapogeuka ghafla, anapofuta machozi, au mtoto anapopita mbele. Fremu moja kati ya 25 ikiponyoka, ni sehemu ya 1/25 ya sekunde. Mtazamaji haioni, lakini anayeitafuta ataisimamisha klipu na kupiga picha ya kioo. Tena, vigae vinavyokaa palepale huku uso ukisogea nyuma yake huchukua kipimo tofauti katika kila fremu, na vipimo vingi vya kitu kimoja vikijumlishwa hutoa zaidi ya kipimo kimoja. Kuipitia klipu ya dakika tatu fremu kwa fremu ni kuangalia fremu 4,500. Ni kazi ya kuchosha, na sijui njia ya mkato.

Kwa hiyo nasimama upande wa watu wanaopendekeza doa jeusi. Wengi hawalipendi. Husema humfanya mwathirika afanane na mhalifu, na kwamba wafadhili hawapendi kuangalia filamu yenye mashimo meusi. Lakini doa jeusi lina sifa ambayo ukungu hauna: pikseli zilizo chini yake hazikuchangia chochote katika zilizo juu. Hakuna wastani wa kukadiria. Programu ya simu ya ObscuraCam, iliyotolewa mwaka 2011 na shirika la WITNESS pamoja na Guardian Project, ilimpa mtumiaji chaguo hilo la kuziba kabisa. Na njia iliyo rahisi kuliko zote haihitaji kichujio: mweke mtu mgongo kwa kamera, au mbele ya dirisha angavu ili kamera ibebe kivuli chake tu, kisha sauti isomwe na mtu mwingine. Namba ambazo hazikuingia kwenye faili hazitatoka.

Sheria ya Kongo haimwambii mtu wa montaji atumie jedwali gani, ila inasema lengo. Sheria namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006, iliyorekebisha utaratibu wa kesi za jinai, inamtaka mwendesha mashtaka au hakimu anayeshughulikia ukatili wa kingono achukue hatua za kulinda usalama wa waathirika, afya yao ya mwili na akili, heshima na faragha yao. Katika kesi ya Kavumu, Kivu Kusini, iliyomalizika Desemba 2017 kwa wanaume 11 kuhukumiwa kifungo cha maisha, mashahidi walisema wakiwa nyuma ya pazia, wamefunikwa, sauti zao zimebadilishwa. Pazia ni doa jeusi la kitambaa. Hakuna aliyefikiria kuwaweka nyuma ya nailoni.

Sasa tugeukie makali, ambako udanganyifu ni wa aina nyingine. Kunoa hakuongezi habari. Kunaikuza tofauti iliyopo, na hakuchagui ni tofauti gani. Klipu iliyopigwa usiku imejaa chenga, maana kamera yenye mwanga mdogo hubahatisha. Jedwali la wastani hupunguza chenga hizo mara tatu. Jedwali la 5 na -1 nne huzikuza: jumla ya miraba ya namba zake ni 29, na kipeuo chake cha pili ni kama 5.4, kwa hiyo chenga huongezeka zaidi ya mara tano. Watu wenye ngozi nyeusi usiku wako katika namba za chini kabisa za picha, 10, 15, 20, ambako chenga na sura vina ukubwa unaokaribiana. Ukinoa hapo, unapata sura iliyochongwa na chenga, na kila anayeitazama humwona anayemshuku.

Halafu kuna safari ya klipu yenyewe. Simu huwa imeshanoa kabla hujagusa kitu. Ndiyo maana majani ya michikichi kwenye video za simu huwa na mstari mweupe ukingoni. Klipu ikipita WhatsApp, hubanwa kwa kugawanywa vipande vya mraba, na mipaka ya vipande hivyo hulainishwa ili isionekane. Ikifika Kindu kutoka Kasongo imeshapita simu nne au tano, na kila simu imeacha alama zake. Anayenoa hapo hunoa mipaka ya miraba. Mashabiki wa AS Maniema Union wanaijua hali hii bila kuijua hesabu yake: goli la utata hutumwa, hukuzwa, hunolewa, na mpira unaanza kuwa na kona. Kila upande unauona mstari wa goli pale unapoutaka. Kwa mpira hasara ni kelele za jioni moja. Kwa klipu inayodaiwa kuonyesha bunduki mkononi mwa mtu fulani, mstari mweupe uliozaliwa na -1 unaweza kusomeka kama chuma.

Njia ya zamani zaidi ya kunoa haikuwa na kompyuta. Mafundi wa chumba cha giza walitengeneza nakala hafifu ya picha hasi, yenye ukungu, wakaipandanisha na picha yenyewe ili ukungu upunguzwe kutoka kwenye picha, na kilichobaki kikawa makali. Programu za leo hufanya hivyohivyo kwa namba: picha, toa nakala yake yenye ukungu, zidisha tofauti, irudishe. Ni ufundi wa haki, na una mahali pake. Namba ya lori iliyosomeka nusu inaweza kusomeka kwa urahisi zaidi ikinolewa kiasi, kwa sababu macho yetu hupenda mipaka. Kinachosomeka, hata hivyo, kilikuwamo.

Kisichokuwamo huletwa na kizazi kipya cha vichujio, vile vya akili mnemba, ambavyo havitumii namba tisa bali mamilioni, tena zilizojifunza kutoka kwa picha za watu wengine. Juni 2020 programu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, PULSE, ilipewa picha ndogo ya Barack Obama iliyovurugwa kwa vigae, ikarudisha uso safi kabisa wa mzungu. Haikukosea hesabu. Ilitafuta uso ambao ukivurugwa utatoa vigae vilevile, ikachukua mmoja kati ya nyingi. Machi 2024 jaji wa King County, jimbo la Washington huko Marekani, katika kesi ya Puloka, alikataa kupokea video iliyokuzwa kwa akili mnemba, na nadhani alifanya sawasawa. Kichujio cha matriksi kinaweza kupotosha, lakini upotoshaji wake unaandikika: namba tisa, mara ngapi, juu ya fremu ipi. Wakili wa upande wa pili akipewa faili asilia na namba hizo atapata picha ileile, pikseli kwa pikseli, kisha abishane. Kwa video ya Puloka hilo halikuwezekana.

Kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, iliyoanza The Hague tarehe 26 Januari 2009, inaonyesha mambo yote mawili, kuficha na kuthibitisha, katika chumba kimoja. Mashahidi kadhaa waliolindwa walionekana kwa umma wakiwa na sura na sauti zilizovurugwa; majaji waliwaona walivyo. Na video ya ziara yake kambini Rwampara, iliyopigwa tarehe 12 Februari 2003, majaji waliitazama wenyewe wakapima kama wanajeshi walioonekana humo walikuwa watoto, na ikawa sehemu ya hukumu ya tarehe 14 Machi 2012. Uvurugaji ulikuwa kwenye kile kinachotoka nje. Kilichoamua kesi hakikufifishwa.

Bukavu iliifikia kanuni hiyohiyo kwa njia yake. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi iliwahukumu makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR kwa mauaji ya mwaka 2012 huko Kamananga na Lumenje, na miongoni mwa ushahidi zilikuwamo picha zilizopigwa kwa programu ya simu ya eyeWitness, iliyoanzishwa mwaka 2015 na Chama cha Kimataifa cha Wanasheria. Programu hiyo hainoi chochote. Hufunga picha pamoja na mahali na saa ilipopigwa, na kuhifadhi nakala isiyoguswa, ili atakayeuliza ilichezewa wapi apate jibu.

Hapo ndipo Kindu inapopungukiwa, na si kwa ukosefu wa programu. Faili asilia hufutwa. Kumbukumbu ya simu ikijaa, kinachobaki ni nakala iliyopita WhatsApp, tayari imebanwa, na wakati mwingine imeshatiwa ukungu na mtu aliyekuwa na nia njema. Nakala hiyo haifai kumficha shahidi kikamilifu, wala haifai kumshtaki mtu. Zinahitajika faili mbili zenye njia tofauti: asilia isiyoguswa, iliyofungiwa, na nakala ya kutolewa nje ambayo uso na sauti vimeondolewa kabisa. Simu inayorekodi kwa megabiti 17 kwa sekunde hutumia chini ya megabaiti 400 kwa ushuhuda wa dakika tatu; kadi ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya shuhuda 80 za namna hiyo. Swali gumu ni kadi hiyo ikae kwa nani, kwa sababu anayeishika ana sura zote bila ukungu, na studio yenye kufuli moja ya dukani si mahali pake.